Stempu ya Mtawa Mshairi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kashe kabla ya kupewa kiti. Kashe ni ule muhuri wa chuma wenye mpini wa mbao ambao posta inagonga nao juu ya stempu ili isitumike tena. Ninyi vijana wa gishe, yaani dirisha la kuhudumia wateja, mnaochezea simu tangu asubuhi mpaka jioni, wengine wenu hamjawahi hata kuushika, ndiyo maana nimeketi kuandika. Habari za vyeo mtanisamehe, sitazigusa. Mshahara nao tuuache ulale, maana tukiuamsha hatutamaliza.

Aliyenikabidhi kashe ni Papa Amisi, mzee wa Maniema, Mwislamu wa kofia nyeupe, aliyekuwa akigonga barua tangu enzi za Wabelgiji. Mji wetu wa Kisangani ulikuwa umekwisha kuvuliwa jina lake la kizungu, na sisi wenyewe tulikuwa tumevuliwa majina ya ubatizo. Mimi niliyesoma seminari kwa jina la Dieudonné nilianza posta kwa jina la Bolisa, mtoto wa Yanonge. Kila asubuhi tulipandisha bendera, tukaimba nyimbo za Chama na kupiga makofi, ndipo tukafungua mifuko ya barua. Kuitana kulikuwa "citoyen" na "citoyenne", yaani mwananchi, hata kama mko katikati ya ugomvi.

Papa Amisi akaweka bahasha mbele yangu. "Bolisa, angalia muzuri. Hii uso iko ya nani?"

Nikaangalia. Kofia ya chui, miwani, kidevu juu: Rais wetu. "Iko ya Guide, Papa."

"Bon. Kashe haigonge Guide ku uso. Unagonga ku kona, polepole, kama mutu anabisha ku mulango ya mukwe yake."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Mmoja wetu aliwahi kuitwa kwenye ofisi fulani kwenda kujibu maswali kwa sababu ya wino uliomwagikia pua ya Rais. Alirudi salama, ila kuanzia siku hiyo hakuwa mtu wa kuchekacheka. Basi stempu za wanyama na za maua tulizigonga kwa raha zetu, lakini ikija ile ya uso, mkono ulijifunza adabu wenyewe. Kwetu sisi uso wa mtu kwenye stempu ulikuwa na maana moja tu: huyu ni mkubwa, jihadhari.

Sasa niwaeleze habari za Profesa Sumana, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu hii. Alikuja kufundisha hesabu kwenye chuo kikuu chetu, akitokea kisiwa cha mbali huko Asia. Papa Amisi alikijua kisiwa hicho kwa jina la Ceylan, lakini kumbe nacho kilikuwa kimebadilisha jina kama sisi, sasa kinaitwa Sri Lanka. Jambo hilo peke yake lilitufanya tumpende. Alikuwa mtu mfupi, wa kandambili na baiskeli, na badala ya kukaa kwenye nyumba kubwa za kando ya mto alipanga nyumba mtaani kwetu Kabondo. Kiswahili alifundishwa na akina mama wa sokoni, kwa hiyo kila alichosema kilisikika kama anaomba apunguziwe bei.

Barua zake zilitoka kwa mtu mmoja. Anwani ilikuwa ya herufi zetu, lakini nyuma ya bahasha kulikuwa na maandishi ya kwao, ya mviringo mviringo, kama mtu amechora vikapu vidogo kwenye mstari. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Siku moja sikuweza kuvumilia.

"Prof, hii inaandikwa na nani?"

Akatoa picha ndogo mfukoni. Mzee aliyenyolewa kichwa chote, bega moja wazi, kitambaa kimemzunguka, masikio marefu, macho ya mtu anayetaka kucheka lakini anangoja wewe uanze.

"Ni mwalimu wangu," akasema. "Mtawa wa Buda. Anajua vitabu vya zamani sana, na anaandika mashairi. Wazazi wangu walikufa nikiwa mudogo. Yeye alinikomalisha."

Mama Feza, aliyekuwa akishughulika na vifurushi, akanyoosha shingo juu ya meza. "Basi uyo haiko mwalimu. Uyo iko papa yako."

"Ndiyo, Mama. Njo papa yangu."

Papa Amisi naye alikuwa na lake. "Na uyo Buda, njo Mungu yenu?"

"Hapana, Papa. Alikuwa mwalimu."

"Mwalimu tu?"

"Mwalimu tu."

Papa Amisi akatikisa kichwa. "Na munamujengea manyumba makubwa vile? Ee! Hapa kwetu mwalimu anakosaka hata viatu."

Kuanzia hapo tukawa watu wa nyumba moja na yule mzee wa mlimani, maana hekalu lake lilikuwa mlimani, mbali na simu na mbali na telegramu. Kumbe alikuwa na ugonjwa kama wangu. Kila barua yake ilikuwa na ulizo. Profesa alikuwa akisoma pale pale gishe, kisha anainua kichwa: "Mwalimu anauliza, hao viwavi munaokula, hao mbinzo, wanakula majani ya mti gani?" Loo! Watu wote waliopanga foleni walikuwa na jibu, na hakuna wawili waliopatana. Mwisho tukamwambia aandike kwamba kila mbinzo ana mti wake, na kila mama ana mbinzo wake. Mara nyingine akauliza kama kelele za maporomoko ya mto wetu hazituzuii kulala. Mama Feza akajibu bila kuinua macho: "Umwambie, siku itanyamaza njo hatutalala."

Nilifurahi mno na mambo hayo, siwezi kuficha. Mimi ambaye sikuwahi kufika hata Kinshasa, majibu yangu yalikuwa yanasafiri mpaka kwenye mlima wa watu wengine, na msomi mzima anayasoma. Kwa kazi ya kugonga karatasi, hayo yalinitosha.

Halafu Profesa akaja siku moja bila kucheka. Barua ya mwisho ilikuwa na mwandiko unaotetemeka. Mzee anaumwa.

"Basi panda ndege, Prof," nikamwambia. "Contrat ya kufundisha inaweza kungoja."

Akanieleza jambo ambalo sikulielewa vizuri mpaka nilipozeeka. Ni yule mzee aliyemtuma aende mbali akafundishe. Kwao mwanafunzi hatoki pale mwalimu alipomweka mpaka mwalimu amwambie. "Nimemwandikia neno moja tu: nirudi? Sasa nangoja anijibu. Nataka nimukute angali muzima, Bolisa. Lakini nataka yeye aniite."

Akangoja. Kila mfuko ulipofunguliwa yupo pale, baiskeli yake imeegemea ukuta. Ule ulikuwa wakati mbaya. Maji ya mto yalishuka mpaka mchanga ukatoka nje, mabato, zile meli za mtoni zitokazo Kinshasa, yakakwama njiani na mizigo yake, na ndege zilikuja zikipenda. Aliandika tena, kisha tena. Sisi posta tulikuwa na desturi yetu: mtu akiwa na wasiwasi, unageuza mfuko nje ndani mbele yake, unaupiga makofi, vumbi linatoka, aone kwa macho yake kwamba hatukumficha kitu. Papa Amisi alimgeuzia mifuko mpaka ikaniuma kutazama. Mvua ikaja ikaenda, wanafunzi wakafanya mitihani wakaenda likizo wakarudi, na mzee kimya.

Asubuhi moja ikaja ndege, na katika mfuko wake mimi mwenyewe nikakuta bahasha ya Profesa Sumana. Mwandiko haukuwa wa yule mzee. Lakini nikatazama stempu. Kichwa kilichonyolewa. Bega wazi. Masikio marefu. Ni yeye, mzee wetu wa mbinzo, kwenye stempu ya taifa, na nyuma yake kitabu kilichofunguliwa!

"Papa Amisi! Mama Feza! Mukuje mbio!"

Wakaja. Mama Feza akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya gishe. Percepteur wetu, yaani mkuu wa posta, citoyen Lokinda, akatoka ofisini akifunga vifungo vya koti lake la abakosti. Akaichukua bahasha, akaisogeza karibu na dirisha, akaivuta mbali, akaisogeza tena.

"Citoyens," akasema kwa sauti ya mkutano, "uyu papa amekuwa chef de l'État, Rais ya inchi."

"Mutawa?" nikauliza.

"Padri anaongoza seminari, mutawa atashindwa inchi? Nani anatiwaka ku tembre? Munijibu!" Akaigusa ile stempu kwa kidole.

Tukakubali. Ni Papa Amisi tu aliyekuwa bado ameinama juu ya bahasha, maana muhuri wa kule ulikuwa umetua katikati kabisa ya paji la uso wa mzee, mweusi, bila haya. "Lakini wamemugonga ku uso," akasema polepole. "Rais yao. Ku uso."

"Kule hawana discipline," percepteur akamkata, na mambo yakaishia hapo.

Niseme kweli, nilifurahi kuliko wote. Percepteur alikuwa na hesabu zake. Tangu lini alikuwa anafikiri juu ya kazi ya ubalozi, Mungu ndiye anajua, lakini dakika ile alianza kumwita Profesa "Excellence" hata kabla hajafika. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo moja: mzee ni mzima. Amepona, amepanda, na amempata mtu wa kumwandikia. Sasa mtoto wake ataitwa nyumbani kwa heshima, na yale macho ya kungoja tutayasahau.

Wakatuma mtu chuoni. Sisi tukajipanga kama siku ya sikukuu ya Chama. Wimbo tuliujua, tukabadilisha tu jina na kumtia "Papa Sumana". Mama Feza akafunga kikwembe kipya kiunoni. Percepteur akaweka bahasha juu ya sinia ya kahawa.

Profesa akaingia anahema, jasho limemlowesha. Alikuwa ameendesha baiskeli mbio. Na sisi, pah! Makofi, wimbo, Mama Feza katikati anacheza, watu wa foleni wanaitikia bila kujua wanaitikia nini. Percepteur akapiga hatua mbele na sinia yake kwa mikono miwili.

Profesa akatazama stempu. Nilikuwa mbele yake, nikamwona. Uso wake ulizimika. Kisha, na hili silisahau, akaanza kupiga makofi pamoja nasi. Polepole, akifuata wimbo. Akapiga mpaka ubeti wa mwisho, mpaka Mama Feza alipomaliza kuzunguka, mpaka tulipojishangilia wenyewe.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana. Mumefanya muzuri."

Halafu akakaa chini, juu ya mfuko mtupu.

"Kwetu," akasema, "hawatiake mutu ku tembre akiwa angali muzima. Wanangojaka kwanza afe."

Percepteur aliinua macho kwenye picha kubwa ya Rais iliyoning'inia ukutani, akayashusha upesi kana kwamba imemwita jina. "Mufunge mulango," akasema kwa sauti ndogo. Tukafunga.

Profesa akafungua bahasha. Iliandikwa na mtawa kijana wa kule. Mwaka ulikuwa umekwisha tangu mzee afariki, na serikali yao ilikuwa imetoa ile stempu kwa kumkumbuka. Mtawa akaandika kana kwamba Profesa anajua tayari, maana walikuwa wamemtumia habari mapema. Hakuna barua ya habari hiyo iliyofika kwetu.

"Mwaka," Profesa akasema. "Mimi naandika, nauliza nirudi, na yeye hayuko." Akanitazama mimi, siyo percepteur. "Labda aliniita. Labda aliniita na sikuenda. Posta yenu imenikulia papa yangu, Bolisa."

Nilitaka kusema habari za maji ya mto na mabato na mchanga. Unamwambia nini mtu kama huyo?

Aliyejua la kufanya ni Mama Feza. Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni juu ya kile kikwembe kipya, akaketi sakafuni miguu imenyooka mbele. Akaachia kilio. "Yooo! Papa yetu! Papa wa maulizo! Nani atatuuliza tena?" Alilia machozi ya kweli kwa mtu aliyemwona kwenye picha na kwenye stempu tu. Na sisi wengine, watu wazima wenye mashati ya kazi, tukaanza kupangusa macho.

Percepteur akakohoa. Nilidhani atatufukuza turudi kazini. Akasema, "Mutu hawezi kulia papa yake peke yake mu inchi ya watu. Mubebe viti ya ofisi."

Hivyo ndivyo posta ilivyofanya matanga ya mtawa wa Kibuda katika Kabondo. Viti vilikwenda kwa baiskeli. Turubai la kufunikia mizigo tulilitandaza uani. Majirani waliuliza nani amekufa, wakaambiwa papa ya Prof, wakaleta kuni na kahawa. Hakuna aliyeuliza dini. Papa Amisi na wazee wenzake wa Maniema walikaa upande mmoja na tasbihi zao. Akina mama wa kwaya ya Kikatoliki walikaa upande wa pili. Tulimuuliza Profesa kwao wanaliaje. Akasema wanavaa nyeupe na kukaa kimya. Basi tukajaribu kimya, kwa heshima. Tulijitahidi kweli. Lakini kimya cha watu wa Kisangani hakifiki mbali, mama mmoja akaanza kuguna wimbo, mwingine akaushika, na Profesa mwenyewe akasema waacheni, mzee angependa kujua maneno ya wimbo huo.

Alikula kwetu, alicheka kidogo, lakini lile neno lilibaki ndani yake. Nililiona kila akija gishe kununua stempu. Labda aliniita.

Hatimaye maji yakapanda ya kutosha. Bato moja lililokuwa limekwama huko chini likafika bandarini likiwa na kutu na mizigo ya watu waliokwisha kuisahau. Mifuko yetu ilikuwa ndani, imeota ukungu, inanuka samaki. Tukaitandaza juani. Katikati ya barua zilizogandana nikaona vikapu vidogo kwenye mstari. Mwandiko unaotetemeka.

Sikusubiri saa za kazi ziishe. Nikapanda baiskeli mpaka Kabondo.

Profesa akaipokea kwa mikono miwili, hakuifungua. Tukakaa kwenye kizingiti. "Kama ameandika 'kuja'," akasema, "mimi nitafanya nini?"

"Sijue, Prof," nikasema. Nilikuwa naogopa kama yeye.

Akaifungua. Akasoma. Mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka, huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Anasema nini?"

"Anasema: usikuje. Anasema, mimi niko na watu wengi hapa wa kuniangalia nikifa, wale watoto wa hesabu hawana mutu mwingine. Kaa nao." Akapangusa uso. "Na ameniuliza ulizo. Anasema: nimesikia kwamba mu muto yenu, pirogi ndogo za makasia zinakamata bato kubwa na bato haisimame. Wanafanya namna gani? Uniandikie muzuri, nangoja."

Jamani! Kumuuliza mtoto wa Yanonge, wa kando ya mto, swali hilo! Nikasimama pale pale uani nikamwonyesha. Bato haulifuati nyuma, nikamwambia. Likishakupita limekupita, hata uwe na mikono ya chuma. Unatangulia mbele yake, unalingoja. Likikaribia unageuza pirogi, mtumbwi wako, ielekee linakokwenda, wa nyuma anapiga kasia kwa nguvu zake zote, wa mbele anashika ukingo. Akishika mapema, mnazama. Akichelewa, mnabaki na ndizi mlizotaka kuwauzia abiria. Na ukishashika, usiwe na haraka ya kupanda. Kwanza acha mikono izoee mwendo.

Profesa aliandika yote. Aliniuliza mara mbili juu ya wa nyuma, kama anaendelea kupiga kasia baada ya wa mbele kushika. Ndiyo, nikasema, anaendelea.

Kesho yake akaja gishe na bahasha. Jina la juu lilikuwa la mzee yule yule. Nikamtazama. Mimi na yeye tulijua kanuni, na ninyi vijana muijue pia: barua ya marehemu inaandikwa nyuma sababu yake, kisha inarudishwa kwa aliyeituma.

"Itarudi, Prof," nikamwambia taratibu.

"Labda," akasema. "Lakini aliuliza."

Nikaigonga, nikaitia ndani ya mfuko wa barua. Na tangu hapo, kila ndege ilipotua na kila bato lilipofunga kamba, baiskeli ile ikaegemea ukuta wetu tena.

"Imerudi?"

"Haiyarudi, Prof. Hakuna kitu yako."

"Asante, Bolisa."

Niliwaambia watu wengi neno hilo la "hakuna kitu yako" katika maisha yangu ya gishe, na wengi walinitukana. Ni yeye peke yake aliyenishukuru, kila mara, mpaka siku aliyotuaga.